Ribiti Sita

Mlango wa jiko letu hapa Nizwa haufungiki sawasawa, na upepo wa mchana ukivuma unajibamiza mpaka vikombe vinalia kabatini. Mke wangu Mahbouba amepata cha kuuzuia. Ameegemeza chini yake dude la chuma lenye uzito wa kilo tatu na ushei, lina nguzo mbili zilizosuguliwa mpaka zinang'aa na mpini wa mti wa msaji juu yake. Wageni wakiuliza ni kitu gani, yeye huwajibu kuwa ni kizuizi cha mlango. Mimi simsahihishi, kwa sababu dude lile lilinichukua miezi mitano kulitengeneza na kulijaribu, na kazi ya kweli liliyofanya maisha yake yote ni ya dakika tisa.

Linaitwa jigi. Ndivyo tulivyokuwa tukiita karakanani kifaa chochote unachokitengeneza ili kikusaidie kutengeneza kitu kingine. Nimekereza vyuma kwenye mitambo ya umeme miaka thelathini na moja, na nilipostaafu nikajenga banda nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, nikaweka kerezo, jiliwa na mashine ya kutobolea, nikaanza kutengeneza bunduki za kale. Si za kumpigia mtu. Ni zile bunduki za mababu ambazo ndani yake zimekwisha kufa siku nyingi, vibali vyake viko polisi, na watu huzitoa sandukuni siku za Idi na harusi kuchezea razha.

Kwa asiyeijua razha, ni ngoma ya wanaume. Wanapanga safu, marimba hakuna, ni vigoma viwili tu na mashairi, na kila mwenye bunduki huinyanyua, huitikisa, na hodari wao huirusha juu ikazunguka na kuidaka shingoni. Mwenye bunduki husimama mbele. Asiye nayo hushika fimbo na kusimama pembeni. Nalitaja hili la fimbo mapema kwa sababu kaka yangu Khalaf alisimama nayo pembeni miaka hamsini na mbili.

Sisi ni watoto wa Unguja. Tulifika Ibra, mji wa babu yetu hapa Omani, mwaka sabini na mbili, Khalaf ana miaka ishirini na mbili, mimi kumi na nne, na Kiarabu chetu kilikuwa cha chuoni tu, cha kusomea Kurani. Idi yetu ya kwanza baba alikwenda uwanjani na kanzu yake ya mjini, kofia ya kushona kwa mkono, na bakora. Alipowaona wenzake wananyanyua bunduki, naye akanyanyua bakora yake, akachelewa, akawa yuko juu peke yake wakati watu wote wameshateremsha. Watu wakacheka. Khalaf mpaka leo anasema hawakucheka kwa ubaya. Mimi nilimsikia mmoja akisema "Mzanzibari huyo," nikamwona baba anacheka pamoja nao huku masikio yamemwiva, na siku ile ile nikaapa kwamba safu ile sitaingia maishani mwangu.

Kaka yangu alifanya kinyume changu. Mwaka wa pili alikwenda kusimama pale pale aliposimama baba, na fimbo mkononi, akajifunza. Alijifunza mashairi yao, alijifunza lini kunyanyua na lini kuteremsha, na baada ya miaka michache hapakuwa na aliyecheka tena. Lakini mbele hakwenda. Mbele ni pa bunduki, na bunduki yetu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Maana tulikuwa nayo. Babu yetu alipoondoka Ibra kwenda Unguja aliiacha kwa binamu yake, amana. Binamu akafa, ikashikwa na mwanawe, kisha na mjukuu wake Hamood, na huyo Hamood ndiye aliyekuwa akiichezea safu ya mbele, Idi baada ya Idi, na Khalaf yuko pembeni na fimbo anaitazama. Mara ngapi nilimwambia, "Mdai bwana, bunduki ni yetu." Naye hujibu vile vile kila mara: "Sitamdai. Akitaka kuileta ataileta mwenyewe." Nilimwona mpole kupita kiasi. Wakati mwingine nilimwona mjinga, na hilo nalisema leo kwa aibu.

Basi mwaka jana mwezi wa Januari Hamood akaileta mwenyewe. Amekwisha kuwa mzee, mkono umelegea, na katika harusi moja bunduki ilimponyoka ikaanguka juu ya jiwe na kupasuka shingo. Aliifunga blanketi, akaja nayo kwa Khalaf, akakaa barazani akalia. Akamwambia, "Hii ya babu yako. Imekaa kwetu sana, na mimi nimeivunja. Itengeneze, na Idi simama nayo mahali pangu, mbele."

Khalaf alinipigia simu saa ile ile, hata hakunisalimu. Hatukuweza kungoja mmoja amfuate mwenzake kwake. Tukakutana Fanja, ambako njia yake na yangu zinakaribiana, kwenye mkahawa mmoja wa chai uliopo karibu na pampu ya petroli.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Shika, mdogo wangu. Shika kwa mikono miwili, usije ukaiangusha na wewe."

Nikaifungua blanketi juu ya meza. Mbao zake zilikuwa nyeusi kwa mikono ya watu, na ufa ulikuwa umekata shingo yote, pale kitako kinapokutana na chuma. Nilitia ukucha ndani ya ufa. Haukuwa mbaya.

"Shingo tu," nikamwambia. "Vibati viwili vya shaba, kimoja huku, kimoja huku, na ribiti sita za kuvibana. Basi."

"Kazi ya siku ngapi?"

"Siku mbili. Na mtutu n'takusafishia."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Mzee wa miaka sabini na nne akainuka, akachukua fimbo yake, akasimama baina ya meza za watu na kunionesha atakavyoinyanyua. Alipiga hatua mbili, akaitikisa fimbo begani, akairusha juu kidogo na kuidaka. Mhindi wa mkahawa akapiga makofi. Khalaf akakaa huku anahema, uso umemchanua, akanywa chai yangu badala ya yake. Sikumwona na furaha kama ile tangu Azza, bintiye, alipozaliwa.

Siku mbili, nilisema. Na ningeweza. Vibati nilivikata siku ya kwanza, nikavikunja vikakaa shingoni kama ngozi, nikatoboa matundu sita. Kilichobaki ni kupiga ribiti tu. Ribiti ni kijiti cha shaba chenye kichwa upande mmoja, unakipenyeza tunduni, na upande wa pili unaugonga mpaka ufanye kichwa kingine. Shida yake ni moja: ukishaigonga, umeigonga. Ikipinda imepinda, na ukitaka kuitoa unatoboa mbao upya. Na mbao za miaka mia ukizipiga nyundo vibaya zinaachana.

Nikashika nyundo. Nikaiweka chini. Nikamwona baba na bakora yake juu.

Nilijiambia kwamba watu watamzunguka Khalaf uwanjani kuitazama bunduki. Wataipindua, watavitazama vibati, na wakiona ribiti moja imekwenda upande, yuko atakayesema Wazanzibari bunduki hawazijui. Miaka hamsini kaka yangu amesimama pembeni, halafu aende mbele achekwe kwa kazi ya mkono wangu? Nikaona afadhali nitengeneze kwanza jigi, litakaloibana bunduki isiende huku wala huko, lenye bakuli dogo chini la kukilaza kichwa cha ribiti, na juu tundu la kuiongoza tindo ishuke wima, na kizuizi cha kuisimamisha kabla haijaumiza mbao. Ribiti zote sita zitatoka kama ndugu. Kazi ya wiki moja, nikasema.

Jigi la kwanza nguzo zake zilikuwa nyembamba, zikapinda. Wiki tatu zikaenda. La pili tundu lake lilikuwa pana kwa unene wa unywele, tindo ikawa inacheza ndani. Ungeiona usingeijua kama inacheza, lakini mimi niliijua. Ramadhani ikaingia.

Khalaf akapiga simu. "Vipi, imeshakuwa?"

"Bado kidogo, kaka. Namalizia jigi."

"Jigi ndo nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, yeye mtu wa ualimu asiyejua tupa wala msumeno, kisha akasema, "Si yupo yule sonara hapo sokoni kwenu, anayepiga majambia? Yeye ana nyundo na gogo tu, na majambia yake watu wanavaa mpaka Muscat."

Neno lile liliniuma. Kesho yake nikaenda sokoni, si kumpelekea kazi, nilikwenda kumtafutia makosa. Nilisimama mbele ya duka lake najitia kutazama mikanda. Alikuwa amekaa chini, ala ya jambia iko juu ya gogo, simu ameibana baina ya sikio na bega anabishana na mtu habari ya kiyoyozi, na huku anagonga ribiti: tap, tap, tap, inayofuata. Nane alizipiga sijamaliza hata kujifanya nanunua. Nikaiinamia ile ala. Moja ilikuwa imepinda. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu, nikamwambia Mahbouba, "Imepinda!"

"Na yule mwenye jambia analia?" akaniuliza.

Idi ndogo ikaja, bunduki iko juu ya meza yangu. Khalaf hakunung'unika. "Idi kubwa basi, inshallah," akasema, na mimi nikashukuru kwa kupata miezi miwili mingine, kana kwamba miezi ni yangu na ninayo ghalani.

Jigi la tatu ndilo hili la mlangoni. Lilikuwa sawa. Nalisema bila ya kujigamba, maana kujigamba kumenitoka: lilikuwa sawa kabisa mwezi wa Aprili. Nilichukua vipande vya mkunazi, nikavipasua makusudi, nikavitia vibati na ribiti kwa kujaribia. Vikatoka vizuri. Nikavitia vingine. Nikalitengenezea jigi mpini wa msaji, nikazing'arisha nguzo, nikajaribu tena. Kila siku nilikuwa na sababu mpya ya kujaribu kimoja zaidi, na vile vipande nikavipanga rafuni kama mitungi ya sherbeti. Mahbouba aliingia bandani siku moja kuniletea kahawa, akasimama, akavihesabu kwa kidole.

"Vipande saba, kila kimoja ribiti sita. Wewe Tuwaini, ribiti arobaini na mbili umeyapigia magogo, sita za kaka yako ndo zimekushinda?"

"Sitaki kukosea."

"Huna unachokosea. Unaogopa."

Nikamjibu kwa ukali kwamba mambo ya ufundi si ya jikoni. Aliiacha kahawa na kutoka, na kahawa ile nikainywa imeshapoa, kwa sababu alikuwa amesema kweli na sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nilikuwa naogopa. Bunduki ile ingetoka mikononi mwangu, ingekwenda mbele ya watu, na ingekuwa mimi ndiye niliyenyanyuliwa juu wakati wengine wote wameshateremsha.

Siku nne kabla ya Idi kubwa Khalaf akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Tuwaini, n'letee hivyo hivyo ilivyo. N'taifunga waya."

"Waya, kaka? Mbele ya watu wote wale? Watatucheka."

"Nani atatucheka?"

"Wao."

Nilisikia televisheni kwao inasoma Kurani.

"Mimi ni mzee, mdogo wangu," akasema. "Idi hii najisikia naweza kuirusha."

Nami nikajibu jibu ambalo nikilikumbuka huwa nataka kujipiga makofi. Nilisema, "Ukingoja utapata kitu cha maana." Akasema haya, na akakata simu.

Siku ya Idi tulikwenda Ibra mimi na Mahbouba, kama kila mwaka. Bunduki niliiacha Nizwa. Uwanjani watu walikuwa tele, kanzu nyeupe, majambia viunoni, vigoma vimeshaanza. Hamood alikuwa amekaa kitini safu ya mbele na kando yake amebakisha pengo la mtu mmoja. Alipomwona Khalaf anakuja na fimbo, uso ukambadilika.

"Iko wapi?"

"Bado iko kwa fundi," Khalaf akasema kwa Kiarabu, na hakunitazama. Hakunitaja.

"Simama hivyo hivyo na fimbo. Mahali ni pako."

"La, hapa ni mahali pa bunduki." Akampa mkono, akaenda kusimama pembeni, pale pale. Pengo likabaki wazi mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa sijawahi kuikaribia safu ile tangu utoto. Nilikuwa nakwenda Idi, nasalimiana na watu, nakaa na wenye umri wangu kivulini mbali, narudi. Siku ile nilijisogeza mbele kwa sababu ya lile pengo, lilinivuta. Na kwa kuwa mimi ni fundi, macho yangu yakaenda kwenye bunduki.

Ya kwanza ilikuwa imefungwa waya wa umeme, shingo yote, na ncha ya waya imechomoza. Ya pili ilikuwa na kipande cha kopo la maziwa kilichopigiliwa misumari ya viatu, na maandishi ya kopo yanasomeka. Ya tatu ilibanwa na zile pete za chuma za kubania mipira ya maji ya gari, mbili. Ya nne ilikuwa na utepe mweusi wa mafundi umeme. Nilitembea safu nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hapakuwa na bunduki hata moja nzima. Hapakuwa na ribiti hata moja iliyonyooka. Na wenyewe wanazirusha angani na kuzidaka, na watu wanawashangilia, na hakuna anayetazama shingo ya bunduki ya mtu. Waliokuwa wakitazamwa ni watu wenyewe.

Nikageuka kumtafuta kaka yangu pembeni, nikamwona ananyanyua fimbo yake kwa wakati wake barabara, mtu mzima wa miaka sabini na tano, mwanafunzi bora wa safu nzima, na mkononi ana kijiti.

Tulirudi nyumbani kwake kwa miguu. Karibu na mlango akasema, "Nimekuona unazitazama bunduki za watu."

"Ndiyo, kaka."

"Mimi nimezitazama miaka hamsini na mbili. Nazijua moja moja, na viraka vyake. Hukun'uliza hata siku moja."

Nilitaka kumwomba radhi pale pale. Lakini watoto wa majirani walikuwa wanapita na halua, Azza akatoka kutupokea, tukaingia ndani kula, na radhi sikuiomba. Nikajipa moyo kwamba radhi yangu itakuwa ni ile bunduki yenyewe. Nitampelekea wiki hii hii, na harusi za baada ya Idi ni nyingi, hata wiki haitapita hajaichezea.

Tulirudi Nizwa Jumatatu. Jumanne asubuhi, kabla ya chai, niliingia bandani, nikaibana bunduki kwenye jigi, nikapenyeza ribiti ya kwanza, nikashusha tindo, nikagonga. Kisha ya pili. Kwa desturi ya karakana nilikuwa nimetazama saa nilipoanza, nikaitazama nilipomaliza. Dakika tisa. Nilipitisha kidole gumba juu ya zile ribiti, zimekaa sawasawa kama shanga uzini, na badala ya kufurahi nilikaa chini kwenye kigoda changu nikajiona mpumbavu wa mwisho.

Nikasema nimpigie simu sasa hivi. Simu ikalia kabla sijaishika. Alikuwa Azza.

"Ami, baba kaanguka. Kaanguka msalani baada ya alfajiri. Tuko mustashfa, ami, njoo."

Pale hospitali wakasema ni kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, mguu na mkono. Ulimi ulirudi baada ya wiki chache, mzito, na mdomo ukawa unavutwa upande mmoja. Mkono haukurudi. Madaktari walisema tusubiri, kisha wakasema tushukuru, na tukishaambiwa tushukuru tunajua maana yake.

Sikuwa na uso wa kumpelekea bunduki. Miezi miwili nilikuwa nakwenda Ibra kila Alhamisi mikono mitupu, nakaa kitandani kwake, namlisha uji, tunaongea habari za Unguja, za kina nani waliokuwa wakikaa mtaa wetu. Yeye haulizi na mimi sisemi. Mwishowe Mahbouba mwenyewe ndiye aliyeichukua bunduki kutoka bandani, akaitia garini, akakaa juu ya kiti cha mbele na bunduki magotini. "Twende," akasema.

Khalaf alikuwa amelazwa ukumbini, mito mitatu nyuma ya mgongo, dirisha limefunguliwa. Nikaiweka juu ya shuka, upande wa kushoto. Aliitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, akaishika shingoni, akajaribu kuinyanyua. Ilipanda kidogo, mtutu ukainama, ikarudi kitandani. Nilitaka kumsaidia, Mahbouba akanivuta kanzu.

"Nzito," akasema, na ule mdomo wa upande ukacheka. "Chukua wewe. Simama."

"Mimi sijui, kaka."

"Simama."

Nikasimama katikati ya ukumbi, miaka sitini na saba, nimeshika bunduki ya babu yangu kwa mara ya kwanza bila ya jiliwa wala tupa. Khalaf akaanza kupiga kigoma kwa mkono wa kushoto juu ya ubao wa kitanda, na akalisema shairi kwa ulimi wake mzito. Nikanyanyua. Akaacha kupiga.

"Umechelewa," akasema. "Kama baba."

Azza akacheka, na Khalaf akacheka, na mimi nikacheka nao huku nayahisi masikio yangu yanavyowaka. Nikaelewa kwamba baba siku ile hakuwa ameaibika kama nilivyomdhania. Alikuwa yuko na watu, wanacheka pamoja, basi.

Alinifundisha mpaka akachoka. Nikairudisha bunduki kitandani kando yake. Azza na Mahbouba wakaenda jikoni kutia kahawa, tukabaki wawili. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, lakini kidole gumba chake kilikuwa kinatembea juu ya kile kibati cha shaba, kwenye ribiti moja, kikasimama, kikaenda kwenye ya pili, polepole mpaka ya mwisho.

"Zimenyooka," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Kuzipiga tu. Zote sita. Zilichukua muda gani?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema siku nzima, ningesema siku mbili kama nilivyomwapia Fanja, naye asingejua. Nilimtazama ule mkono wake wa kulia uliolala juu ya shuka, Azza ameukunja vidole vizuri.

"Dakika tisa, kaka."

Akafumbua macho. Hakukasirika, na heri yangu kama angekasirika. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu ndogo kichwani.

"Dakika tisa," akasema. "Ningekuja nikakungoja mlangoni pa banda."